Siku Tisini za Hewa ya Mwani

Jumatatu, 2 Desemba 1968

Mlango umefungwa saa tatu asubuhi. Boliti kumi na sita, na ya mwisho Valerian Osipovich, mkuu wa kitengo chetu, aliikaza mwenyewe mbele ya mpiga picha. Ndani yumo Timofey Luzgin, fundi wa karakana yetu, umri miaka ishirini na minane. Hatatoka mpaka tarehe mosi Machi. Siku tisini kamili. Hewa atakayovuta inatoka kwenye matangi yangu mawili ya mwani, na hewa chafu atakayoitoa inarudi humo humo kuulisha mwani. Hakuna kitakachoingia wala kutoka. Tukifaulu, siku moja watu wataweza kusafiri miaka mizima huko juu bila kubeba hewa mgongoni.

Daktari Roza ametuagiza sote tuliobaki nje tuweke shajara yetu wenyewe, mbali na daftari la zamu. "Mtachoka kuliko yeye," alisema. Mimi sijawahi kuandika mambo yangu. Haya, nimeanza.

Boliti zilikuwa zimeshakazwa alipotokea kibibi mmoja kavaa koti la manyoya lililonyonyoka mabega, kakumbatia mfuko wa mikate ya kujazwa kabichi.

"Mpe hii, bado ya moto."

"Mama, hakipiti kitu. Tumeshafunga."

"Kwani mwanangu kafanya kosa gani?"

Ndiye Pelageya, mama yake Timofey. Nilimpeleka kwenye dirisha la duara. Akabandika pua kwenye kioo, akamtazama mwanawe, kisha akanigeukia kwa hasira: "Mbona amekuwa wa kijani?"

"Ni taa za mwani, mama."

"Taa! Nyie watu mna wazimu." Mikate akatugawia sisi. Valerian Osipovich alikula mitatu.

Jumanne, 3 Desemba

Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Mwani mzuri. Yeye mzima.

Jumapili, 8 Desemba

Siku ya saba. Sijui nitamvumilia vipi huyu Luzgin. Simu ya ndani inalia kila baada ya dakika kumi.

"Agnia Savelyevna, mwani wako leo umeoga kweli? Humu ndani pananuka soksi za shemeji yangu."

"Pima joto lako, uniambie."

"Thelathini na sita na nusu. Na moyo wangu unakudundia wewe."

Ana majigambo kama jogoo. Anasema atakuwa mtu wa kwanza kutoka mtaa wa stesheni kufika Mars. Valerian Osipovich anacheka naye kama baba. Huyo ndiye mtu ninayemheshimu. Miaka kumi na moja amekuwa akiomba chumba hiki, alipokuwa akichekwa kwamba anataka kumfuga mtu kwenye supu.

Jumamosi, 14 Desemba

Hospitali wamenipigia mimi simu. Mama yake Timofey ameanguka kwenye kituo cha basi. Mapafu yamejaa maji na moyo ni mchovu. Walipomuuliza ndugu, aliwataja watu wawili: mwanawe "aliyefungiwa" na "yule dada wa mwani".

Sikupenda. Kazi ninazo za kutosha. Nimekwenda hata hivyo, baada ya zamu. Kitanda cha dirishani, wodi ya wanawake wanane. Alinishika mkono wa koti.

"Usimwambie kama niko hapa."

"Ataniuliza, mama."

"Mwambie niko nyumbani, jiko linawaka. Mimi sijui kuandika. Wewe andika, nitasema."

Jumapili, 15 Desemba

Barua ya kwanza. Aliisema haraka, kama mtu aliyeiandaa usiku kucha:

"Timosha, mwanangu. Mimi mzima. Jiko linawaka vizuri, kuni zipo. Mbuzi kapunguza maziwa lakini ni majira yake. Kula chakula chote wanachokupa hata kama ni nyasi. Usimsumbue huyu dada, ana uso wa mtu asiyelala."

Nilisema hilo la mwisho siandiki. Akasema andika, barua ni yake.

Valerian Osipovich ameisoma na kuiruhusu. Kwa kuwa karatasi haiwezi kupita, niliibandika kwenye kioo cha dirisha, maandishi yakimtazama yeye, nikaishikilia kwa viganja viwili. Timofey alisoma polepole, kidole kikifuata mistari upande wake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenyamaza. Kisha akaandika jibu, akalibandika kwenye kioo, nami nikalinakili kumpelekea mama.

Jumapili, 22 Desemba

Barua ya pili. Mama anasema jirani amekarabati uzio. Uzio haujakarabatiwa, nimepita pale jana kumpa mbuzi majani. Nyumba ni baridi, madirisha yamegeuka barafu kwa ndani. Jirani amekubali kumchukua mbuzi.

Jumamosi, 28 Desemba

Redio imetangaza kwa ufupi kwamba Wamarekani watatu wameuzunguka mwezi na wamerudi salama. Valerian Osipovich alizima redio, akakaa na koti lake mwilini mpaka chakula cha mchana. Baadaye akaniuliza mwani unaendeleaje, nikamwambia vizuri. "Wao wamekwenda siku sita na mitungi," alisema. "Siku sita si kitu. Siku tisini ndiyo kitu." Alikuwa akijiambia mwenyewe.

Jumatano, 1 Januari 1969

Tumemwinulia glasi kwenye dirisha. Yeye akainua kikombe cha maji yaliyotokana na jasho lake mwenyewe. "Kwa afya ya supu!"

Jumapili, 5 Januari

Barua ya nne. Mama amepungua. Mikono yake juu ya blanketi ni kama ya mtoto. Lakini bado anagombana na mwenzake wa kitanda cha pili, anayekoroma. Leo aliniuliza kama nina mama. Nilimwambia alikufa wakati wa vita nikiwa na miaka minane, sikumbuki sauti yake. Akasema: "Basi ukija hapa usikae pembeni ya kiti hivyo. Kaa vizuri."

Nilikaa vizuri.

Alhamisi, 9 Januari

Sikutakiwa kwenda, si Jumapili, lakini muuguzi alipiga simu kwamba mama ananiulizia. Alikuwa anapumua kwa taabu. Alisema:

"Timosha. Jana nimekuota umerudi umevaa koti la marehemu baba yako, mikono imekuwa mifupi, viganja vyote vimetokeza. Usijali, pindo lipo, nitalifumua. Ukitoka…"

Hapo akafumba macho. Nilingoja na kalamu yangu. Alipofumbua alisema, "Nimechoka. Malizia wewe. Unajua nitakachosema."

Sikujua. Nikaandika: "Ukitoka nitakuwa hapo mlangoni." Nikamsomea. Akatikisa kichwa, sijui kukubali au ni shingo tu.

Jumamosi, 11 Januari

Siku ya arobaini na moja. Amekufa asubuhi hii, saa nne. Nilikuwa kwenye basi.

Walikuwa wameshakivua kitanda mashuka. Yule mama anayekoroma alikuwa amekaa akilia, akanipa miwani ya Pelageya, aliyokuwa akiivaa kutazama picha kwenye magazeti. Nikarudi kituoni moja kwa moja. Nilitaka kwenda dirishani kwanza. Nashukuru, au najuta, kwamba nilipita kwanza ofisini kwa Valerian Osipovich.

Alisikiliza akiwa amesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mungu amrehemu," alisema, yeye ambaye ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti.

"Nani atamwambia Timofey? Mimi au Daktari Roza?"

"Kaa kwanza, Agnia Savelyevna."

"Nimekaa sana kwenye basi."

"Akijua, atatoka. Akitoka leo, tuna siku arobaini na moja, na hizo wenzetu wa kituo kingine walishazifikia. Hakuna chumba kingine. Hakuna mwaka mwingine."

"Ni mama yake mzazi!"

"Najua ni mama yake. Sikia. Siku moja mtu atakuwa njiani, nusu mwaka kutoka nyumbani, na mama yake atakufa. Tutamwambia au hatutamwambia? Hata hilo ni sehemu ya tunachokichunguza hapa. Mtu si pampu. Lazima tujue anabeba nini."

"Basi mwambie, uone anabeba nini."

Akaenda kwenye dirisha, akanipa mgongo. "Ile barua ya Alhamisi umeshaionyesha?"

"Bado."

"Ionyeshe kesho. Na Jumapili ijayo nyingine. Mwandiko ni wako tangu mwanzo, hatashtuka. Yeye mwenyewe, marehemu, ndiye aliyetaka mwanawe asisumbuliwe. Hutafanya kitu ambacho hakukianza."

Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu ni kweli. Jiko halikuwa linawaka toka barua ya kwanza, na mimi niliandika kwamba linawaka.

Nimesema nitafikiri. Lakini nilipotoka ofisini nilipita dirishani, Timofey akanipungia mkono, nami nikampungia.

Jumapili, 12 Januari

Nimeionyesha. Alicheka pale pa koti. Mwishoni alinyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho, kisha akanyooshea mlango wake, akaweka mkono kifuani.

Jumanne, 14 Januari

Tumemzika. Walichoma matairi siku mbili juu ya ardhi iliyoganda ndipo sururu ikaingia. Tulikuwa watano: majirani wawili, yule mama wa kitanda cha pili aliyetoroka wodini na kandambili ndani ya viatu vya sufu, Daktari Roza na mimi. Roza ni Mtatari, Mwislamu, hakujua afanye nini kaburini kwa Wakristo, akasimama tu na kunishika kiwiko. Njiani nilimwambia kuhusu agizo.

"Umekubali?"

"Sijakataa."

"Ni kitu kilekile, mpenzi wangu." Hakusema kwa ubaya.

Jumatano, 15 Januari

Nyuzi thelathini na nane chini. Mwani mzuri.

Jumapili, 19 Januari

Nimeandika barua ya kwanza ya marehemu. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa. Sentensi zilikuja zenyewe, fupi fupi, na ukali wake: "Timosha, umenyoa? Nasikia hunyoi. Baba yako naye alikuwa hivyo mpaka nikamficha sahani." Sijui kama aliwahi kumficha mtu sahani. Timofey alicheka mpaka akakohoa.

Nilipokunja karatasi nilijisikia nimefanya kitu kizuri. Naandika hili ili nisije nikalikana baadaye.

Jumapili, 26 Januari

Jibu lake limejaza karatasi tatu, nilisimama dirishani nusu saa nikinakili. Kumbe yule jogoo siye yeye. Anamwambia mama yake kwamba amesahau harufu ya theluji. Kwamba mara nyingine anasikia pampu zikitaja jina lake, na hajamwambia daktari kwa kuwa wataandika. Kwamba aliomba kuingia humu kwa sababu mke wake alipoondoka alimwambia yeye ni mtu asiyeweza kumaliza jambo lolote. "Mama, hili nitalimaliza. Wewe tu ndiye najua hutanicheka."

Nilikuwa nikimwona bwege. Miezi miwili napima hewa yake na sikujua mtu ninayempimia ni nani. Na sasa najua kwa kuiba.

Jumanne, 28 Januari

Siku ya hamsini na nane. Naandika yote kama yalivyokuwa kwa sababu kesho wataniuliza.

Nilipokea zamu saa moja asubuhi. Nje nyuzi arobaini na tatu chini ya sifuri, ukungu wa mto umefunika mpaka taa za barabarani. Matangi yote mawili yalikuwa ya kijani. Saa mbili unusu niliona povu kwenye la kwanza. Nikagusa bomba la maji ya kupoza: limekauka. Lilikuwa limeganda mahali fulani ndani ya ukuta. Zile taa kubwa ziliendelea kuwaka na maji yakapanda joto, thelathini na tisa, arobaini na moja. Nikazima nusu ya taa. Lakini mwani bila mwanga hautoi hewa, na mwani kwenye joto unaiva. Saa tatu na robo tangi la kwanza lilikuwa rangi ya chai ya maziwa, la pili limeanza kufifia.

Nilituma watu wa mabomba, na moto wa kuyeyushia barafu. Nikampigia Timofey.

"Lala kitandani, usitembee, usiongee sana."

"Kuna nini, dada?" Ameanza kuniita dada tangu Mwaka Mpya.

"Bomba. Litazibuka."

"Kichwa kinanigonga."

Sindano ya kipimo cha hewa chafu ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu. Nikapiga simu kwa Valerian Osipovich, alikuwa mjini kwenye kikao. Wakamwita.

"Usiguse mtungi," alisema kabla sijamaliza. "Ukifungua mtungi wa oksijeni, mzunguko umekatika. Hesabu inarudi sifuri."

"Anaumwa kichwa."

"Kuumwa kichwa si kufa. Mpe nusu saa. Wazibue bomba."

Nikampa nusu saa. Kila dakika tano nilimwambia Timofey ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, saba saba. Mara ya kwanza alifika hamsini na moja bila kosa. Mara ya tatu alisema, "Mia. Tisini na tatu. Themanini na… dada, mama yuko hapo nje?"

"Endelea kuhesabu."

"Mwambie aje karibu na kioo, simwoni."

Niliangalia dirishani. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Mtungi uko ukutani, una mpini mwekundu, na mpini una lakiri. Nilivunja lakiri kwa spana, nikafungua mtungi, nikawasha na kopo la chokaa linalonyonya hewa chafu. Ilikuwa saa nne kasorobo. Sikufikiri chochote kikubwa. Nilifikiri tu kwamba mama huyu nimeshamzika, na mwanawe siwezi.

Daktari Roza alifika anakimbia, akasoma vipimo, akachukua daftari la zamu na kuandika chini ya maandishi yangu: "Imefanyika kwa idhini ya daktari." Saa aliyoiandika ilikuwa ya nusu saa nyuma. Hakuniangalia.

Bomba lilizibuka saa tisa alasiri. Mtungi ulikuwa wazi kwa zaidi ya saa tano. Tangi la kwanza limekufa, nimelimwaga. La pili limepona nusu, na akilala bila kusogea litamtosha hadi nitakapokuza mwani mpya.

Valerian Osipovich alikuja na theluji kwenye nyusi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya tangi tupu.

"Umeua siku hamsini na nane," alisema.

"Angekufa yeye."

"Labda," alisema. "Labda."

Ijumaa, 31 Januari

Simu ya maandishi kutoka Moscow. Hesabu inaanza upya tarehe ishirini na tisa. Akikaa hadi mosi Machi zitakuwa siku thelathini na mbili. Wenzetu walishafanya zaidi ya arobaini.

Jumapili, 9 Februari

Nimekwenda kwa Valerian Osipovich. Nimemwambia hakuna tena cha kulinda, sasa tumwambie.

"Kuna siku thelathini na mbili."

"Hazina maana. Wewe mwenyewe unajua."

Hakukasirika. Alifungua kabati, akanionyesha mafaili, ya mwaka baada ya mwaka, maombi yote yaliyokataliwa. "Ningekuwa nimefuga nyuki ningekuwa na asali," alisema. Ana miaka hamsini na tisa. Kola ya shati lake imegeuzwa na kushonwa upya, mkewe ni mgonjwa, na nilikuwa namwona mtu mkubwa. Kisha nikamwona mnyama. Leo nimeona mtu anayeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, kama Timofey. Ningefurahi kama ningeweza kumchukia tu.

Nikaandika barua ya Jumapili.

Jumapili, 16 Februari

Timofey amebandika karatasi moja tu kwenye kioo: "Mama, nimechoka. Tangu siku ile ya bomba silali. Ukiniambia nitoke, natoka leo hii. Ukiniambia nikae, nakaa. Niambie wewe."

Niliandika: "Toka, mwanangu." Maneno mawili. Valerian Osipovich aliisoma, akaichana taratibu, akaweka vipande mfukoni. "Siku kumi na nne zimebaki. Usimwaibishe. Akitoka sasa, maisha yake yote atakuwa yule aliyeshindwa. Wewe umesoma barua zake."

Alijua pa kunishika.

Nikaandika nyingine: "Kaa, Timosha. Umefika mbali. Hujawahi kuwa mtu wa kuacha jambo katikati, wanaosema hivyo hawakukulea. Mimi nakujua, mimi ndiye niliyekuona ukijifunza kutembea, ukianguka na kuinuka bila kulia." Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Aliisoma mara tatu, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, mahali palepale palipokuwa kiganja changu upande wa pili.

Alhamisi, 20 Februari

Mwani mzuri. Yeye amelala.

Alhamisi, 27 Februari

Moscow wameamua. Kwa safari za sasa, mitungi na makopo ya chokaa yanatosha. Kazi ya mwani inasimamishwa "hadi itakapoamuliwa vinginevyo". Kitengo chetu kinaunganishwa na kingine. Valerian Osipovich alitusomea akiwa amesimama, akakunja karatasi mara nne, akauliza kama kuna chai.

Niliuliza: Timofey je? Akasema zimebaki siku mbili, aachwe amalize.

Jumamosi, 1 Machi

Mlango umefunguliwa saa tatu asubuhi. Hakuna mpiga picha aliyekuja. Boliti kumi na sita, akazifungua fundi mmoja.

Alitoka amejishikilia ukutani, mweupe kama chipukizi la kiazi lililoota gizani. Hakutusalimia. Alitazama kushoto ya mlango, kisha kulia, kisha nyuma yetu.

"Yuko wapi?"

Valerian Osipovich akaanza, "Timofey Yegorovich, nchi inakushukuru…"

"Mama yuko wapi? Basi limechelewa?"

Nikasogea mbele, kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia kwamba hili angalau sitamwachia mtu mwingine.

"Amefariki, Timofey. Tarehe kumi na moja Januari. Mapafu na moyo. Alikuwa hospitali toka Desemba."

Alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia neno la kigeni. "Nimepata barua yake Jumapili."

"Niliiandika mimi."

"Wewe unaandikaga zote. Yeye anasema, wewe unaandika."

"Zile za mwisho hakusema. Nilisema mimi."

Nilitegemea anipige. Nilisimama pale nikingoja. Alinitazama usoni, kwa makini, akitafuta kitu. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukingo wa mlango aliotokea. Roza alimfunika koti. Kwa siku tisini hakuwa amehisi baridi, akaanza kutetemeka na hakuacha mpaka alipochomwa sindano.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa namwaga matangi, kwa agizo, alipoingia maabara. Amenyoa. Amevaa koti la kazi.

"Nipe barua zote."

Nilikuwa nimeziweka kwenye bahasha moja, kumi na moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzishika. Alizitandaza mezani kwa tarehe, akanipa penseli.

"Weka alama zilizo zake."

Nikaweka alama kwenye nne za kwanza. Ya tano, ile ya koti, nilisita.

"Hii je?"

"Nusu."

"Nichoree mstari."

Nikachora mstari baada ya neno "Ukitoka". Mstari ukapinda. Aliweka kidole pale.

"Hakusema atakuwa mlangoni."

"Alichoka. Aliniambia nimalizie."

"Na jiko? Mbuzi?"

"Hayo alisema mwenyewe. Lakini jiko halikuwa linawaka."

Alichukua mkasi wa kukatia mirija, akakata karatasi pale kwenye mstari. Nne na kipande akaweka ndani ya shati. Sita na kipande akanisukumia. Ile ya tarehe kumi na sita, ile niliyoandika vizuri kuliko zote, ilikuwa juu. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba hiyo angeichukua. Hakuigusa tena.

Nikasema nisamehe.

"Alikufa saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Timofey, achana na hilo."

"Nyie mliandika kila nilichofanya. Nitafutie."

Nikashusha daftari la zamu la Januari, nikafungua ukurasa. Si zamu yangu, mwandiko ni wa mwenzangu, safi na mdogo. Nilitaka kumsomea mwenyewe ili niweze kudanganya. Akalivuta daftari, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti, akifuata neno kwa neno:

"Saa nne kamili. Anaendesha baiskeli ya mazoezi. Mapigo ya moyo mia moja na kumi na nane. Hewa safi, ya kutosha. Anaimba."

Alisoma tena kimya. Kisha akalifunga daftari, akalirudisha kwenye rafu mahali pake, akaenda. Nikaendelea kumwaga.